Kitanda Kilekile, Sheria Nyingine: Mwongozo Kamili wa Vitanda Vigeu katika Hospitali Ndogo za Vijijini Marekani

Bibi wa miaka 82 ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Amepasuliwa kwenye hospitali kubwa ya mjini, na siku ya nne madaktari wanasema upasuaji umekwenda vizuri, hana tena sababu ya kukaa pale. Lakini nyumbani harudiki. Kuinuka kitandani ni mpaka ashikwe na watu wawili, mazoezi ya kutembea ndiyo kwanza yanaanza, na kidonda kinataka jicho la muuguzi kila siku. Makao ya wazee ya karibu na kwake yamejaa. Yenye nafasi yako mwendo wa saa mbili kwa gari, na mumewe aliacha kuendesha siku nyingi. Wakati huohuo hospitali ndogo ya kijijini kwao, tuseme Nebraska, ina vitanda 20 na nusu yake ni vitupu.

Kwa hali kama hiyo Bunge la Marekani lilitunga mwaka 1980 utaratibu unaoitwa swing bed. Hospitali ndogo ya kijijini inaruhusiwa kutumia kitanda kimoja kwa kazi mbili: leo kwa mgonjwa aliyelazwa, kesho kwa anayehitaji uuguzi wa aina ile inayotolewa kwenye makao ya uuguzi wa wazee. Mwanzoni ilikuwa kwa hospitali zenye vitanda visivyofika 50; sheria ya mwaka 1987 ikapandisha kiwango hadi chini ya 100. Kwa Kiswahili mimi huviita vitanda vigeu. Ukisema vigeugeu hutakuwa mbali sana na ukweli, waulize watu wa mahesabu.

Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu walio upande wa kazi: wauguzi, wasaidizi wao, watu wa bili, na yule aliyeitwa ofisini akaambiwa kuanzia Jumatatu yeye ndiye msimamizi wa vitanda hivi. Mwenye mzazi aliyelala kitandani naye ana vyake hapa, hasa hatua ya tatu na ya mwisho.

Shika jambo moja kabla ya yote. Kitanda hakisogei, na mgonjwa anaweza asisogee hata hatua moja. Kinachogeuka ni hadhi yake, na hadhi ikigeuka, faili, haki na malipo vinageuka nayo siku hiyohiyo. Makosa karibu yote niliyowahi kuyaona kwenye vitanda hivi yalizaliwa katika saa zile chache za kugeuza, pale kila mtu alipodhani mwenzake ameshaandika.

Hatua ya kwanza: jua hospitali yako iko kundi gani

Kuna milango miwili, na kanuni zake si moja.

Mlango wa kwanza ni wa hospitali ya kawaida. Iwe na vitanda pungufu ya 100, bila kuhesabu vya watoto wachanga wala vya wagonjwa mahututi. Iwe nje ya maeneo ambayo Idara ya Sensa inayahesabu kuwa ya mijini. Isiwe na msamaha wa sharti la uuguzi wa saa 24, maana huwezi kuomba upunguziwe wauguzi huku ukiomba uongezewe wazee. Na isiwe imewahi kunyang'anywa kibali hiki ndani ya miaka miwili kabla ya kuomba. Masharti haya yamo katika kanuni za shirikisho, juzuu la 42, kifungu 482.58.

Mlango wa pili ni wa hospitali ndogo zaidi zinazoitwa Critical Access Hospital, kundi lililoanzishwa na sheria ya mwaka 1997. Leo ziko zaidi ya 1,300. Kwa kawaida hospitali hizi huwa umbali wa zaidi ya maili 35 kutoka hospitali nyingine, au maili 15 kama njia ni ya milimani au hakuna barabara kuu. Zina idara ya dharura saa 24, na vitanda vya kulaza havizidi 25. Kifungu chao ni 485.645.

Hiyo 25 huwachanganya watu. Vitanda vigeu havijumlishwi juu yake. Vimo ndani yake. Ukiwa na wagonjwa kumi wa kulazwa na kumi na watano wa vitanda vigeu, umejaa. Wala hakuna sheria ya shirikisho inayosema vingapi viwe vya aina gani. Ndiyo maana kitanda kinaitwa kigeu. Upande mwingine, hospitali hizi zinatakiwa wastani wa kukaa kwa wagonjwa wa kulazwa usizidi saa 96 kwa mwaka, na siku za vitanda vigeu hazimo kwenye hesabu hiyo. Bibi yetu akikaa wiki tatu kwenye kitanda kigeu haharibu wastani wa mtu.

Kama hospitali yenu imejigeuza kuwa ile aina mpya ya dharura tupu iliyoanza Januari 2023, Rural Emergency Hospital, funga ukurasa huu. Aina hiyo hailazi wagonjwa, kwa hiyo haina kitanda cha kugeuza. Inaweza tu kuwa na kitengo cha uuguzi kilichotengwa na kuthibitishwa peke yake.

Na wanaokumbuka wakati wa korona, hospitali nyingi ziliporuhusiwa mambo haya bila masharti ya kawaida: milango ile ilifungwa tarehe 11 Mei 2023.

Hatua ya pili: pata kibali kabla ya kumgeuza mtu yeyote

Kuwa na sifa si kuwa na kibali. Hospitali inajaza fomu ya kujiandikisha na Medicare, bima ya serikali ya shirikisho hasa kwa wazee; fomu inaitwa CMS-855A. Kisha inaipeleka kwa wakala anayelipa bili za Medicare katika eneo lake. Ofisi ya ukaguzi ya jimbo inaingia hapo, na mwenye neno la mwisho ni CMS, idara ya shirikisho inayosimamia Medicare. Ukikubaliwa, utapewa namba ya pili inayofanana na ya hospitali ila ina herufi ndani yake: U kwa hospitali ya kawaida, Z kwa Critical Access. Bili za kitanda kigeu huenda na namba hiyo, kwa aina ya bili inayoanza na 18. Ibandike mbele ya karani wa bili.

Leseni ya jimbo ni habari nyingine, na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, vilevile. Kila jimbo lina yake, kwa hiyo usinakili utaratibu wa rafiki yako wa Iowa ukauleta Kansas. Piga simu kwa wa kwenu.

Hatua ya tatu: hakikisha mgonjwa anastahili

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Medicare nayo ina siku zake tatu, na hapo ndipo familia nyingi huumia.

Ili Medicare ya asili ilipie kitanda kigeu, mgonjwa lazima awe amelazwa hospitalini siku tatu mfululizo. Siku ya kulazwa inahesabiwa hata kama ni saa tano usiku. Siku ya kutoka haihesabiwi. Bibi akilazwa Jumatatu usiku na kutoka Alhamisi, ana Jumatatu, Jumanne na Jumatano, zimetimia. Akitoka Jumatano, ana mbili, na hazitoshi.

Tatizo ni neno kulazwa. Mtu anaweza kulala hospitalini usiku mbili, akala chakula cha wodini, akavaa gauni la hospitali, akawekewa dripu, kumbe kwenye karatasi yuko kwenye uangalizi tu, yaani anahesabiwa mgonjwa wa nje. Usiku wa uangalizi hauhesabiwi hata mmoja. Akizidisha saa 24 kwenye uangalizi, hospitali inapaswa kumpa taarifa ya maandishi iitwayo MOON kabla ya saa 36 kupita, pamoja na maelezo kwa mdomo. Kama una mzazi hospitalini, swali lako la kwanza kwa muuguzi kila asubuhi liwe hili: mama amelazwa au yuko kwenye uangalizi?

Siku tatu hizo si lazima zipatikane kwenu. Akizipata hospitali ya mjini kisha akahamishiwa kwenu, zinahesabika, na kwa kawaida anatakiwa aanze huduma ndani ya siku 30 tangu alipotoka huko. Omba maelekezo ya daktari ya kumlaza huko mjini, yenye tarehe na saa, kabla gari la wagonjwa halijaondoka. Usitosheke na mtu aliyekwambia kwenye simu kwamba “alikuwa huku tangu Jumapili.”

Sharti la pili ni mahitaji. Lazima ahitaji kila siku huduma ambayo kwa asili yake ni ya muuguzi aliyesomea au ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo: dawa za mshipani, kidonda kigumu, kujifunza upya kutembea au kumeza. Mazoezi ya siku tano kwa wiki yanatosha kuitwa ya kila siku. Anayehitaji kuoshwa, kulishwa na kuvishwa tu, Medicare haimlipii, hata awe hoi namna gani. Huyo ni wa Medicaid, au wa mfuko wa familia.

Ila usikubali sentensi hii: “Hapati nafuu, kwa hiyo hastahili.” Kesi ya Jimmo, iliyomalizwa kwa suluhu mahakamani Januari 2013, ilisafisha jambo hilo. Kinachoangaliwa ni kama huduma inahitaji mtaalamu, hata kama lengo ni kumshikilia mgonjwa asizidi kuzorota. Bado nakutana na watu wenye uzoefu wa miaka ishirini wanaoandika kinyume chake.

Wenye bima ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, wana njia tofauti. Mpango wa bima unaweza kusamehe zile siku tatu, lakini karibu kila mara utadai idhini kabla ya kumpokea mgonjwa. Idhini kwa maandishi, na jina la aliyeitoa.

Hatua ya nne: siku ya kugeuza

Mgonjwa yuko chumba namba 6, na atabaki chumba namba 6. Sheria haidai umhamishe chumba wala ghorofa. Inachodai ni kwamba mtu akifungua faili aone mahali mstari ulipopigwa.

Daktari anaandika amri ya kumruhusu mgonjwa kutoka kwenye kulazwa, anaweka muhtasari wa kutoka, kisha anaandika amri mpya ya kumpokea kwenye kitanda kigeu. Amri mbili, si moja. “Endelea kama awali” si amri ya kupokea. Faili inaweza kuwa ileile, lakini sehemu ya kitanda kigeu itengwe wazi, na kwenye mfumo wa kompyuta ufunguliwe ujio mpya. Dawa zote zipitiwe upya na kuandikwa upya.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo amri ya kutoka iliandikwa saa tatu asubuhi na ya kupokea ikaandikwa kesho yake, daktari alikuwa na wagonjwa wa kliniki. Kwa usiku mzima yule mzee hakuwa mgonjwa wa mtu. Alikuwa amelala palepale, amepewa dawa, amebadilishwa shuka, na kwenye karatasi hayupo. Tangu siku hiyo nina tabia ya kusimama karibu na daktari mpaka amri ya pili itiwe saini, na nimezoea kuonekana msumbufu.

Siku hiyohiyo, au mapema iwezekanavyo baada yake, daktari athibitishe kwa maandishi kwa nini mgonjwa anahitaji uuguzi wa kitaalamu. Uthibitisho urudiwe kabla siku ya 14 haijapita, halafu angalau kila siku 30. Weka tarehe hizi kwenye kalenda ya ukutani. Kompyuta itakukumbusha ukiwa likizo.

Hatua ya tano: mgeuzie na haki zake

Hapa ndipo hospitali nyingi zinajisahau, kwa kuwa zimezoea kumtazama mtu kama mgonjwa wa siku tatu. Aliye kwenye kitanda kigeu kisheria anahesabiwa kama mkaazi. Mkaazi ana nyumba, hata kama nyumba yenyewe ni kitanda na kabati la chuma.

Kwa hiyo ana haki ya kuwa na vitu vyake: picha, tasbihi, kanga yake ya kujifunika badala ya blanketi la hospitali. Barua zake hazifunguliwi na mtu. Ndugu wa karibu wanaweza kumwona wakati wowote yeye akitaka, na wageni wengine pia kwa utaratibu wenye sababu za msingi. Kama mume na mke wote wako pale na wanakubaliana, wana haki ya kulala chumba kimoja. Anachagua daktari wake. Anaweza kukataa tiba. Anaambiwa, kabla au wakati wa kupokelewa, huduma zipi zinalipiwa na zipi atazilipia mwenyewe na kwa kiasi gani. Hafungwi kamba wala kupewa dawa ya kumlegeza ili zamu ipumue.

Na anaambiwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Hili linatuhusu moja kwa moja. Wakimbizi kutoka Kongo walioletwa Marekani wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili, na wazee wao sasa wanaingia hospitali hizi. Wengi wetu tumeshaitwa koridoni tukatafsiri kwa sababu tu majina yetu yanasikika hivyo. Kujua lugha si kuwa mkalimani wa tiba, na Kiswahili cha Bukavu si cha Mombasa. Kifungu 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kinaitaka hospitali ilete mkalimani mwenye sifa bila kumtoza mgonjwa, na kinazuia kumtegemea mjukuu wa miaka kumi atafsiri, isipokuwa kwa dharura. Ukiitwa, saidia kumsalimia bibi, mwamkie shikamoo, kisha piga simu ya wakalimani.

Tuhuma ya kuteswa au jeraha kubwa la mwili huripotiwa kwa mamlaka ndani ya saa 2. Tuhuma nyingine za kutelekezwa au kuibiwa, zisizo na jeraha kubwa, ndani ya saa 24. Matokeo ya uchunguzi ndani ya siku 5 za kazi. Mwenye doa la unyanyasaji kwenye rejista ya wasaidizi wa wauguzi ya jimbo haajiriwi. Saa 2 ni kidogo. Kama msimamizi hapokei simu, mpigie anayemfuata, usisubiri asubuhi.

Kuhusu meno ya bandia usicheke, maana kanuni imeyataja. Yakipotea au yakivunjika, mgonjwa aelekezwe kwa daktari wa meno ndani ya siku 3, na hospitali iwe na sera inayosema ni lini itabeba gharama. Mahali pa kwanza pa kutafuta ni sinia la chakula.

Tangu Novemba 2019 baadhi ya masharti yaliondolewa kwa vitanda vigeu, kama vile programu rasmi ya michezo na burudani inayodaiwa kwenye makao ya wazee. Imeondolewa kwenye kanuni. Ukipata mtu wa kumsomea bibi gazeti, hakuna atakayekukamata.

Hatua ya sita: tathmini na mpango wa matunzo

Hapa milango miwili inaachana. Hospitali ya kawaida hulipwa kwa viwango vya makao ya uuguzi, utaratibu ulioanza mwaka 2002, na tangu Oktoba 2019 viwango hivyo hupangwa kwa hali ya mgonjwa badala ya dakika za mazoezi. Kwa sababu hiyo lazima ijaze fomu ndefu ya tathmini iitwayo MDS, ya siku za mwanzo na ya kutoka. Fomu ikikosewa, malipo yamekosewa.

Critical Access haidaiwi fomu hiyo. Hulipwa asilimia 101 ya gharama zake halali, jambo ambalo wakaguzi wa serikali wamelilalamikia kwamba linaigharimu Medicare kuliko ambavyo makao ya kawaida yangegharimu. Lakini kutodaiwa fomu si kutodaiwa tathmini. Ndani ya siku 14 lazima kuwe na tathmini kamili: akili, macho, kumeza, ngozi, hisia zake, anachopenda na asichopenda. Ndani ya siku 7 baada yake, mpango wa matunzo unaoandikwa na timu nzima, mgonjwa au ndugu akiwemo. Uzito na lishe vifuatiliwe. Ikiwa mpango unasema “ataongezewa nguvu”, urudishe. Useme atatembea hatua ngapi, kwa msaada gani, kufikia lini.

Hatua ya mwisho: pesa na kuondoka

Kwa kila kipindi cha huduma Medicare inalipa hadi siku 100. Siku 20 za kwanza mgonjwa hachangii kitu. Kuanzia ya 21 hadi ya 100, mchango wake mwaka 2025 ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Aliyezimaliza zote kwa kiwango hicho alilipa dola 16,760, kama hakuwa na bima ya nyongeza. Baada ya hapo, sifuri. Kipindi kipya huanza akikaa siku 60 mfululizo bila kulazwa wala kupata uuguzi wa kitaalamu. Mwambie mtu haya siku ya kwanza, si siku ya 19.

Mkiamua kwamba huduma inayolipiwa imefika mwisho, mgonjwa apewe taarifa ya NOMNC angalau siku mbili kabla. Ina namba ya simu ya shirika huru linalosikiliza rufaa za haraka. Ndugu, mkitaka kupinga, pigeni kabla ya saa sita mchana ya siku inayotangulia ya mwisho. Kupiga hakuhitaji wakili.

Kumtoa mtu kwa lazima ni jambo tofauti, na sababu zinazokubalika ni chache: mahitaji yake hamyawezi, amepona kiasi cha kutokuhitaji huduma, anahatarisha usalama au afya ya wengine, hajalipa baada ya kutaarifiwa ipasavyo, au mnafunga. Taarifa iwe ya maandishi, kwa kawaida siku 30 kabla, au mapema iwezekanavyo kama amekaa chini ya siku 30, na nakala iende kwa mtetezi wa wakaazi wa jimbo. Nakala hiyo husahaulika kuliko zote.

Wakaguzi hawapigi hodi kabla. Watachukua mafaili machache, watafuata ule mstari wa kugeuza, watalinganisha saa za amri mbili. Kisha mmoja wao atatoka nje ya chumba namba 6, atamsimamisha msaidizi wa muuguzi aliyebeba beseni, na kumuuliza: huyu bibi amelazwa, au yuko kitanda kigeu, na tangu lini?